Kitufe cha kuzimia Raspberry Pi: waya wa chaja usiukate

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, na ninasimamia chumba cha watoto cha kusomea hapa Kayole. Tuna Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyounganishwa na televisheni, yenye vitabu na video za masomo. Haina kitufe cha kuzima, kwa hivyo jioni tunachomoa chaja ukutani. Memori kadi imetufia mara tatu sasa. Kijana mmoja wa mtaani amesema atakata waya wa chaja katikati na kuweka swichi, kama ile ya taa ya kando ya kitanda, nisiwe nachomoa tena. Nimruhusu? Na kama si hivyo, nifanyeje? Intaneti hatuna, ndiyo maana tuliichomekea kile kisaa kidogo cha betri kwenye pini ili isisahau tarehe.

Jibu: Mwalimu, mwambie huyo kijana aweke koleo chini kwanza. Nia yake ni njema, na kukata waya na kutia swichi bila shaka anakuweza. Lakini swichi hiyo itafanya lile lile ambalo mkono wako umekuwa ukilifanya kila jioni, yaani kukata umeme kompyuta ikiwa bado kazini. Kuchomoa chaja angalau kunamtaka mtu mzima ainame nyuma ya meza, ilhali swichi ya kwenye waya hata mtoto wa darasa la kwanza ataifikia. Kadi ya nne itafuata zile tatu.

Unachohitaji ni kitufe. Kitufe na swichi si kitu kimoja, ingawa dukani watu huyataja majina hayo kana kwamba ni mtu na nduguye. Swichi hukata njia ya umeme. Kitufe ninachokusudia hakigusi kabisa umeme unaoendesha mashine, kazi yake ni kupeleka ujumbe. Ukikibonyeza, kompyuta inaambiwa kwamba mmemaliza kwa leo, kisha yenyewe inafunga programu, inaandika yaliyosalia, na ndipo inalala. Simu yako hufanya vivyo hivyo: ukishaiamuru izime haikatiki papo hapo, inachukua sekunde kadhaa, na kazi yote imo ndani ya sekunde hizo.

Ili uone sekunde hizo zina thamani gani, mfikirie mwenye duka la mtaani saa moja jioni, dirisha limejaa wateja. Huyu kachukua mkate kwa deni, yule kalipa nusu ya unga, mwingine anadai chenji ya jana. Hawezi kufungua daftari kwa kila mmoja. Anashika kichwani, na akipata nafasi ndipo anaandika. Kompyuta nayo iko hivyo. Programu inaposema imehifadhi, mara nyingi data huwa haijafika kwenye kadi. Inakaa kwanza kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, kwa sababu kadi ni nzito kuandika, na kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta hii, inaweza kungoja hapo nusu dakika hivi. Mfumo wa faili wa ext4, ambao Raspberry Pi OS, yaani Linux ya Raspberry Pi, huutumia, una shajara yake ya ndani inayoandikwa kila baada ya sekunde 5, na shajara hiyo imeokoa kadi nyingi sana. Hata hivyo, inacholinda ni mpangilio wa faili. Haikuahidi kwamba ulichohifadhi sekunde 10 zilizopita kipo.

Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Kubwa limo ndani ya kadi yenyewe. Memori kadi ina kidhibiti, kikompyuta kidogo kinachoamua kila kipande cha data kikae wapi na kuweka orodha ya mahali kilipo. Chembe zake hazifutiki moja moja. Hufutwa kwa mafungu makubwa, mara nyingi ya megabaiti kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo kubadilisha mstari mmoja tu wa faili kunaweza kuilazimu kadi ihamishe data nyingi kwenda nafasi mpya, isahihishe orodha yake, kisha ifute pale pa zamani. Na kazi hiyo ya kujipanga huifanya hata wakati wewe huandiki chochote. Umeme ukikatika katikati ya uhamisho, kinachopotea huenda kisiwe ile faili uliyokuwa umeifungua. Huenda kikawa kitabu ambacho hakuna mtoto aliyekigusa tangu Januari, au kipande cha mfumo endeshi wenyewe. Orodha nayo ikivurugika, kadi nzima inakataa kusomeka. Watu wengi wameniletea kadi wakiniapia kwamba hawakuwa wakifanya chochote walipochomoa. Nawaamini. Wao walikuwa wametulia, ila kadi ilikuwa kazini.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa hasara ya mtu mwingine, na mpaka leo linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilitia swichi ya namna hiyo hiyo kwenye waya wa Raspberry Pi ya mama mmoja mwenye hoteli, upande wa Jogoo Road. Kompyuta ile ilionyesha bei za vyakula kwenye televisheni na kuweka hesabu ya mauzo ya kila siku. Alifurahi, akanilipa, akanipa na chai. Baada ya miezi michache alipanda ngazi hadi kwenye meza yangu akiwa ameibeba kadi ndani ya kitambaa cha karatasi, ameikunja kwa uangalifu kama mtu aliyebeba jino la mtoto. Niliichomeka kwenye leptopu, ikajitambulisha kuwa na ukubwa wa baiti sifuri. Hesabu za miezi yote ile zilikuwa mle. Kadi mpya nilimpa bila malipo, lakini hesabu sikuwa na namna ya kumrudishia.

Swichi ya kwenye waya ina kosa la pili, ambalo huja polepole. Chaja rasmi ya Raspberry Pi 4 hutoa volti 5.1 na inaweza kufikisha ampea 3. Swichi ya bei nafuu, pamoja na waya mwembamba na viungo viwili vilivyosokotwa kwa mkono, huongeza ukinzani. Tuseme umeongeza omu 0.2 tu. Kompyuta ikivuta ampea 3, utapoteza volti 0.6 njiani, na kitakachofika kwenye bodi ni volti 4.5. Raspberry Pi 4 huanza kulalamika ikishuka chini ya volti 4.63. Utaona alama ya radi pembeni mwa skrini, mashine inapunguza mwendo, na video zinaanza kukwama. Mtu asiyejua hulaumu kadi, au hulaumu televisheni.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe.

Raspberry Pi ya kwanza ilitoka Februari 2012 kwa dola 35, na ili bei ikae hapo vitu vingi viliachwa nje, kitufe cha kuwashia na kuzimia kikiwemo. Iliendelea hivyo hadi Raspberry Pi 4 yako, ya mwaka 2019. Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, ndiyo bodi ya kwanza katika mlolongo huo kuja na kitufe chake pembeni. Sikushauri ununue mpya kwa sababu ya kitufe tu. Waliotengeneza bodi yako waliacha mlango wazi kwenye zile pini 40, na mlango huo unafunguliwa kwa mstari mmoja wa maandishi na nyaya mbili.

Njia ambayo utaelekezwa na karibu kila mtu ni ya pini ya 5 na ya 6. Pini ya 5 ni GPIO 3 (GPIO ni pini za kupokea au kutoa ishara, nazo zina namba zao wenyewe), na ya 6 ni ardhi, yaani upande hasi wa umeme. Uzuri wake ni kwamba GPIO 3 ina kipaji ambacho nyingine hazina: kompyuta ikiwa imelala na chaja ingali imechomekwa, ukigusanisha pini hiyo na ardhi inaamka. Kitufe kimoja kinazima na kuwasha. Mtu asiye na kisaa kama chako afuate njia hiyo, ila ahesabu pini kwa utulivu. Akikosea kwa hatua moja kuelekea mwanzo, atakuwa ameshika pini ya 3 na ya 4, na ya 4 ina volti 5 za moja kwa moja kutoka kwenye chaja. Pini za GPIO zimetengenezwa kwa volti 3.3. Siku atakapobonyeza kitufe, volti 5 zitaingia pasipostahili, na hapo kinachokufa ni bodi.

Wewe njia hiyo usiifuate, kwa sababu ya kisaa. Vile vya kawaida, vya aina ya DS3231, huchomekwa juu ya pini ya 1, 3, 5, 7 na 9, na pini ya 5 ndiyo laini ya mapigo ambayo saa na bodi huitumia kuzungumza. Ukiipa kitufe, saa itanyamazishwa. Ukiiacha saa itumie laini hiyo huku kitufe nacho kikiisikiliza, vitakwazana. Na kisaa nisingekiondoa hata kidogo. Raspberry Pi 4 haina saa ya betri ndani yake, na bila intaneti itakuwa ikiamka kila asubuhi na tarehe isiyo ya leo, rekodi za usomaji wa watoto zivurugike zote.

Nakushauri utumie mwisho mwingine wa safu: pini ya 39 na ya 40. Ya 39 ni ardhi, ya 40 ni GPIO 21. Nimeipendelea jozi hii miaka mingi kwa sababu moja ya kibinadamu, kwamba ni ya mwisho. Hakuna kuhesabu. Shika bodi, tafuta upande wenye matundu ya USB, kisha tazama pini mbili za mwisho wa safu zilizo karibu nayo. Ndizo hizo. Hata ukikosea ukashika jozi ya jirani, utaangukia GPIO 26 na GPIO 20, hakuna volti 5 pale, hivyo kitufe kitakataa kufanya kazi na basi.

GPIO 21 haina uwezo wa kuamsha kompyuta iliyolala. Lakini tazama siku yenu ilivyo. Asubuhi mtu anafungua chumba na kuwasha soketi ya ukutani, na Raspberry Pi ikipata umeme tu inaamka yenyewe bila kuulizwa. Jioni unabonyeza kitufe, unangoja, kisha unazima soketi. Soketi zetu za Kenya zina swichi zake tayari, na kwa hiyo ile swichi ambayo kijana alitaka kuiweka kwenye waya imekuwa ukutani siku zote. Kilichokosekana ni hatua inayoitangulia.

Utahitaji kitufe cha kubonyeza na kuachia, kinachorudi chenyewe ukiinua kidole. Usinunue kile kinachobaki ndani baada ya kubonyezwa. Luthuli Avenue vimejaa kwenye visanduku vya plastiki, na bei yake haitakuumiza. Chukua pia nyaya mbili za jampa zenye tundu upande mmoja, na rezista moja (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya omu 330, ile yenye mistari ya rangi ya chungwa, chungwa na kahawia. Rezista hiyo inakaa mfululizo kwenye waya unaotoka GPIO 21 kwenda kwenye kitufe. Wengi huiacha na kitufe kinafanya kazi. Mimi siiachi. Siku moja mtu atajaribu programu nyingine kwenye kompyuta hiyo, na programu hiyo inaweza kuigeuza pini ile kuwa ya kutoa volti 3.3. Kitufe kikibonyezwa wakati huo, bila rezista pini inatoa umeme moja kwa moja ardhini. Ikiwapo rezista, mkondo hauzidi miliampea 10. Usizidishe ukubwa wake, hasa kwa wale wa pini ya 5: pale tayari bodi ina rezista yake ya omu 1,800 inayoivuta pini juu, na ukiongeza omu 1,000 upande wa chini, volti haitashuka vya kutosha kompyuta kuitambua kuwa imebonyezwa.

Vitufe vidogo vya mraba vina miguu minne, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Miguu hiyo imeunganishwa miwili miwili kwa ndani tangu kiwandani. Ukilehemu nyaya zako kwenye miguu miwili iliyo ndugu, kitufe kitakuwa kimebonyezwa usiku na mchana. Chagua miguu inayotazamana kwa mshazari, kona hadi kona, hutakosea. Kisha, kabla ya kukaribia bodi, weka maltimita kwenye mlio na ushike ncha mbili za nyaya. Inapaswa kunyamaza, ilie ukibonyeza, inyamaze ukiachia. Hii ni dakika moja, na nimeona ikiokoa alasiri nzima ya kubahatisha.

Kulehemu mpe yule kijana. Anaonekana ana mikono. Mwambie tu afanye hivyo chaja ikiwa imechomolewa, na avalishe kila kiungo mpira wa kuhami, kwa sababu waya mtupu ukizurura juu ya bodi iliyo wazi utagusa usipotakiwa.

Upande wa programu ni mstari mmoja. Zima kompyuta kwa menyu ya kwenye skrini, toa kadi, uitie kwenye leptopu yoyote. Ikiwa leptopu ni ya Windows, litatokea dirisha likisema kuna diski haisomeki na kukuuliza kama ungependa kuifomati. Kataa. Inasema hivyo kwa sababu haielewi sehemu ya Linux ya kadi, na ukikubali utafuta vitabu vyote. Funga dirisha hilo, kisha fungua ile sehemu ndogo inayosomeka. Humo kuna faili iitwayo config.txt. Inakili kwanza mahali pengine, ndipo uifungue na kwenda chini kabisa, baada ya mstari ulioandikwa [all], uongeze hivi:

dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=21,active_low=1,gpio_pull=up

Usiweke nafasi kati ya maneno. Kuwa chini ya [all] ni muhimu, kwa sababu faili hiyo ina mafungu ya bodi mbalimbali, na mstari ukiangukia fungu la bodi nyingine hautasomwa na hutapata onyo lolote. Wenye kufanya kazi kwenye Raspberry Pi yenyewe wataikuta faili hiyo ndani ya /boot/firmware katika matoleo ya tangu 2023, na ndani ya /boot katika ya zamani. Wanaotumia pini ya 5 waandike dtoverlay=gpio-shutdown peke yake, kwa kuwa GPIO 3 ndiyo chaguo lake la kawaida.

Maana ya mstari huo ni kwamba pini ya GPIO 21 ivutwe juu hadi volti 3.3, na ikishuka chini ichukuliwe kuwa kitufe cha kuzima kimebonyezwa. Vyuma vya ndani ya kitufe havikutani mara moja vikatulia. Hudundadunda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama kifuniko cha sufuria kilichoangushwa sakafuni. Kompyuta ni nyepesi kiasi cha kuhesabu kila mdundo, kwa hiyo mpangilio huu husubiri milisekunde 100 mambo yatulie kabla ya kuamini. Huhitaji kuandika programu yoyote ya Python kukaa ikilinda pini, ingawa utazikuta nyingi zikisambazwa. Zilikuwa na maana zamani. Leo kazi hiyo inafanywa na kiini cha Linux chenyewe, na kina uhakika zaidi.

Rudisha kadi, unganisha nyaya, washa. Ikishatulia, bonyeza kitufe mara moja na uachie. Ikiwa menyu ya kuzima imejitokeza kwenye skrini badala ya kompyuta kujifunga, bonyeza tena. Baada ya hapo macho yako yatoke kwenye televisheni yaende kwenye bodi, kwa sababu skrini huwa nyeusi kabla kazi haijaisha. Itazame taa ndogo ya kijani. Inametameta bila mpangilio kila kadi inapoguswa, kisha inameta kwa mapigo yaliyo sawa, kisha inazimika na kutulia. Taa nyekundu itabaki inawaka. Hiyo inasema tu kwamba chaja ingali inaleta umeme, isikutie wasiwasi. Kijani ikishatulia, hesabu polepole hadi kumi, ndipo uzime soketi. Kwa kawaida yote hayo huchukua sekunde chache. Lakini kukiwa na programu inayokataa kufungwa, Linux itaisubiri hadi sekunde 90 kabla ya kuilazimisha, na katika kungoja huko mtu mwenye haraka hukata umeme na kuharibu kazi yote. Mwelekeze kila mwenzako anayefunga chumba. Mwonyeshe taa kwa kidole, usimwambie kwa mdomo tu.

Na kuhusu watoto: kitufe chekundu kilicho wazi kitabonyezwa. Nakuhakikishia. Kiweke ubavuni au nyuma ya kasha, kizame kidogo ndani ya tundu lake ili kidole kiwe na nia kabla ya kukifikia.

Kuna jambo ambalo kitufe hakitalitibu, nalo ni stima kupotea. Kayole unakujua kuliko mimi. Token zikiisha saa nane mchana, au mtaa mzima ukizimika, hakuna atakayebonyeza chochote. Kwa hilo nakupa njia mbili, na ya kwanza ndiyo ningeifanya nikiwa wewe. Chumba chenu ni cha kusomea, vitabu havibadiliki kila siku. Raspberry Pi OS ina mpangilio unaoifanya kadi iwe ya kusomwa tu. Fungua raspi-config, programu yake ya mipangilio, ingia Performance Options, uchague Overlay File System. Tangu hapo, chochote kinachoandikwa kinaenda RAM, na kompyuta ikizimwa kinasahauliwa. Kadi inapumzika, na umeme ukikatika ghafla hakuna uandishi unaokatishwa. Hasara yake ni hiyo hiyo ya kusahau: alama za watoto zilizohifadhiwa siku hiyo zitapotea, na ukitaka kuongeza vitabu itabidi uuzime mpangilio huo, uwashe upya, uongeze, kisha uurudishe. Ikiwa mnaweka rekodi za kila mtoto, ziandikwe kwenye flashi ya USB iliyo peke yake, ambayo hata ikiharibika haizuii kompyuta kuwaka.

Njia ya pili ni betri ya akiba, zile ndogo ambazo watu hununua kwa ajili ya ruta ya Wi-Fi. Nyingi zina tundu la volti 5, lakini soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa. Tundu likiwa la ampea 1 au 2 halitaitosha Raspberry Pi 4 yenye kibodi na flashi. Tafuta inayofika ampea 3. Na televisheni itakuwa imezimika, kwa hiyo kazi ya betri hiyo ni kukupa muda wa kufika kwenye kitufe, si kuendelea na somo.

Kabla ya kuilaumu kadi kwa lolote jingine, fungua dirisha la amri uandike vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme wako umekuwa mzuri tangu ilipowashwa. Ikijibu 0x50000, imewahi kukosa volti za kutosha na kupunguza mwendo, na hapo badilisha chaja au waya wake kwanza. Kadi nayo inunue kwa mtu atakayekubali uirudishe, kwa kuwa kuna zinazouzwa zimeandikwa gigabaiti 64 na ndani hazifiki hata nusu. Ukishaipata, ijaze yote kwa data na uisome tena kabla ya kuiamini. Programu ya bure ya H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux.

Kadi ya nne ikishakaa sawa, na kitufe kimefanya kazi, na vitabu vyote vimo, itoe siku hiyo hiyo uinakili nzima kama faili moja kwenye leptopu ya mtu unayemwamini. Win32 Disk Imager ina kitufe cha Read kwa ajili hiyo. Andika tarehe kwenye jina la faili. Kijana akiwa bado yupo na chuma chake cha kulehemu hakijapoa, mfundishe na hilo.